Kulanti ipi, maji yapi, oili ipi: kuchagua kinga ya kutu kwenye mashine za karakana

Kutu inayoletwa na kulanti, kimiminika cha kupoza na kulainisha wakati wa kukata chuma, hushambulia mahali pale pale karibu kila karakana: chini ya jiliwa, ndani ya mifereji ya meza, kwenye koni ya spindo, na kwenye kazi iliyokwisha kukatwa inayosubiri kupimwa. Wengi wakiiona hukimbilia kopo la dawa ya kupulizia. Dawa hiyo ina nafasi yake, lakini ni chaguo la mwisho kati ya manne. Kabla yake kuna aina ya kulanti, maji ya kuchanganyia, na namna ya kujazia tangi. Ukikosea hayo matatu, makopo yatakwisha na kutu itabaki palepale.

Isome kutu kabla ya kununua chochote

Mahali kutu ilipoanzia huonyesha tiba yake. Madoa ya rangi ya machungwa yaliyosambaa kila kulanti inapofika yana maana kwamba kulanti yenyewe imeishiwa nguvu: ukolezi (kiasi cha kulanti ndani ya maji) umeshuka, pH (kipimo cha asidi na ualkali) imeshuka, au chumvi zimejaa.

Doa jeusi lenye ukingo wa kahawia chini ya jiliwa ni jambo jingine. Pale kulanti imenaswa kwenye mwanya usiopata hewa. Katikati ya mwanya oksijeni imekwisha, ukingoni bado ipo, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuzalisha mkondo mdogo wa umeme unaokula chuma. Hata kulanti bora haitazuia hilo ikiwa jiliwa halijanyanyuliwa kwa miezi.

Kutu iliyo juu ya mashine, sehemu zisizolowa kabisa, hutoka hewani: umande unaotua kwenye chuma baridi alfajiri, hewa ya kompresa iliyobeba maji, au mvuke wa asidi ya hidrokloriki iliyowekwa jirani. Asidi hiyo isikae chumba kimoja na mashine, hata chombo chake kikiwa kimefungwa. Na kama mashine ni safi lakini kazi zinatoka na kutu, tazama jinsi zinavyopangwa. Kazi zilizolowa zikibebanishwa huunda mianya ileile ya chini ya jiliwa, na jasho la vidole lina chumvi ya kutosha kuacha alama ya kutu kwenye uso uliosagwa.

Doa la kahawia linalonata ukiligusa si kutu. Ni kulanti iliyokauka. Litoe kwa kitambaa chenye mchanganyiko mpya. Likifutika bila kuacha kishimo, chuma ni kizima.

Aina nne, na kinachobaki zikikauka

| Aina | Muonekano | Ukolezi wa kazi | Kinachobaki juu ya chuma | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|---|
| Oili mumunyifu | Nyeupe kama maziwa | 5–10% | Utando wa oili pamoja na vizuia kutu | Bakteria huipenda. Hukatika kwenye maji magumu |
| Nusu-sintetiki | Ukungu unaopitisha mwanga | 4–8% | Utando mwembamba wa oili na vizuia kutu | Hupokea oili ngeni (inayovuja kutoka sehemu nyingine za mashine) taratibu bila wewe kugundua |
| Sintetiki | Angavu, mara nyingi ina rangi | 3–8% | Vizuia kutu tu, bila oili | Ukolezi ukishuka kidogo kutu huja haraka. Huosha oili ya reli (ya kulainisha njia za kuteleza) |
| Oili tupu | Oili | Haichanganywi na maji | Tabaka kamili la oili | Moshi, hatari ya moto, hupoza vibaya |

Ukiangalia kutu peke yake, oili tupu ingeshinda, kwa kuwa haina maji. Lakini kwenye kasi kubwa joto halitoki, na karakana hujaa moshi. Inafaa kukata hesi za skrubu, kutoboa mashimo marefu na kukata meno ya gia, kazi ambazo ulainishaji ni muhimu kuliko upoozaji. Kwa kazi nyingine ushindani ni wa hizo tatu zinazochanganywa na maji.

Tofauti iliyo muhimu kati yake ni idadi ya njia za ulinzi. Oili mumunyifu hulinda kwa njia mbili: kemikali za amini hufanya mchanganyiko uwe na ualkali, na maji yakikauka utando wa oili hubaki. Sintetiki ina njia ya kwanza tu. Ndiyo maana mashine mbili zinaweza kuwa na kulanti zenye pH ileile na ukolezi uleule, moja ikilala wiki nzima bila doa na nyingine ikiamka na kutu. Sintetiki ni nzuri kweli kwenye mashine inayofanya kazi kila siku na kupimwa kila siku. Kwenye mashine inayotumika Jumatatu kisha ikasubiri hadi Ijumaa, tunashauri iachwe.

Sintetiki ina tabia nyingine isiyosemwa sana: husafisha. Huondoa oili ya reli kwenye njia za kuteleza na kwenye skrubu za gololi, hupenya nyuma ya vifutio vya mpira vilivyochakaa, na rangi dhaifu ya mashine hubambuka. Kwa mashine ya zamani yenye vifutio vilivyolegea, nusu-sintetiki au oili mumunyifu ni salama zaidi, hata kama sintetiki inakaa tangini muda mrefu bila kunuka.

Metali unayokata nayo inaamua. Chuma cha kusubu ndicho mtihani mgumu kuliko yote: unga wake ni laini, uso wake wote kwa jumla ni mkubwa mno, na hufyonza vizuia kutu kutoka kwenye kulanti. Karakana inayokata chuma cha kusubu kila siku ipandishe ukolezi asilimia 1 au 2 juu ya kile kinachotosha kwa feleji, na iondoe tope la tangi mara nyingi zaidi. Alumini hutaka kinyume. pH ikipita 9.2 hivi, huanza kubadilika rangi na kuwa kijivu au nyeusi. Shaba nyekundu na shaba njano zikifanya kulanti igeuke kijani au buluu, shaba imeyeyuka ndani yake, na shaba hiyo itajishika juu ya chuma na kuanzisha kutu ya aina ya betri. Kulanti hiyo haitibiki. Imwage.

Jaribio la chenga, la kupambanisha bidhaa mbili

Kabla ya kununua pipa, omba sampuli ya lita 1 ya kila bidhaa. Maabara hutumia utaratibu wa kiwango cha Ujerumani, DIN 51360-2, unaoweka chenga za chuma cha kusubu juu ya karatasi ya chujio pamoja na kulanti kwa saa 2. Karakana inaweza kufanya toleo lake hivi:

1. Kata chuma cha kusubu pasipo kulanti na kusanya chenga ndogo, zisiwe unga. Usizishike kwa mkono.
2. Changanya kila bidhaa kwa 2, 3, 4, 5 na 6%, ukitumia maji yaleyale utakayotumia mashineni.
3. Weka karatasi ya chujio ndani ya kisahani, tandaza chenga kijiko kimoja, lowesha kwa mililita 2 hadi 3 za mchanganyiko, kisha funika.
4. Baada ya saa 2 mwaga chenga, suuza karatasi, tazama madoa ya kahawia.

Ukolezi mdogo kabisa usioacha doa ndio mpaka wa bidhaa hiyo kwenye maji yako. Bidhaa inayohitaji 5% ili isiache doa, ikilinganishwa na inayotosha kwa 3%, huenda isiwe nafuu hata kama bei yake kwa lita ni ndogo. Endesha mashine angalau asilimia 2 juu ya mpaka huo, kwa sababu ukolezi tangini hausimami mahali pamoja. Jaribio likifanywa kwa maji ya chupa halina maana yoyote. Maji ndiyo nusu ya matokeo.

Maji: hapa ndipo wengi hushindwa

Mchanganyiko wa 6% ni maji kwa sehemu 94 kati ya 100. Mambo matatu ndani yake ndiyo ya kupimwa: ugumu (wingi wa kalsiamu na magnesi), kloridi na salfeti.

Ugumu unaofaa kwa kujaza tangi jipya ni kati ya miligramu 80 na 125 kwa lita. Chini ya 50 kulanti nyingi hutoa povu. Juu ya 200, kalsiamu na magnesi hushikana na sabuni zinazoshikilia oili ndani ya maji. Utaona utando wa mafuta mazito juu ya tangi na uchafu unaonata kwenye kuta zake. Sehemu hiyo ya kulanti imetoka kazini, na ulinzi umetoka nayo.

Kloridi ndiyo adui wa moja kwa moja. Hupenya tabaka jembamba la kinga juu ya chuma na kuanzisha vishimo. Ikipita miligramu 100 kwa lita, usitarajie kulanti yoyote ikuokoe kwa ukolezi wa kawaida; chini ya 50 ndipo penye usalama. Salfeti zina njia ndefu kidogo: ni chakula cha bakteria wasiohitaji hewa, wale wanaoacha harufu ya yai viza, na bakteria hao huishusha pH.

Sasa chukua tangi la lita 200 lenye maji ya ugumu wa 150. Likipoteza lita 10 kwa siku kwa kuwa mvuke, na likajaziwa maji yaleyale, baada ya siku 20 za kazi umeingiza lita nyingine 200. Maji yameondoka, chumvi zimebaki: ugumu sasa unakaribia 300, na kloridi nayo imeongezeka maradufu. Kulanti nzuri mwezi wa kwanza huanza kutoa kutu mwezi wa tatu, nayo lawama humwangukia muuzaji wa kulanti.

Kuna njia tatu za kushughulikia maji. Maji ya bomba yanatosha pale ugumu na kloridi viko chini na mashine hupoteza maji kidogo. Maji yaliyolainishwa kwa chumvi ndiyo chaguo baya, ingawa jina lake linavutia: mtambo hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, lakini kloridi na salfeti hupita zilivyo, na povu huongezeka. Maji ya mtambo wa osmosisi, unaoyasukuma kupita utando unaozuia chumvi, au yaliyoondolewa ioni, yameondolewa karibu chumvi zote na ndiyo bora kwa kujazia. Shida yake ni povu tangi likiwa jipya, kwa kuwa hayana ugumu. Suluhisho ni kujaza tangi mara ya kwanza kwa mchanganyiko wa maji ya bomba na ya osmosisi hadi ugumu ufike 100 hivi, kisha kila kujazia kufuatayo kuwe kwa maji ya osmosisi peke yake. Kati ya matumizi yote tunayoyalinganisha hapa, mtambo mdogo wa osmosisi ndio tungeuweka mbele.

Kujazia kwa maji tupu au kwa mchanganyiko

Kumimina maji tupu ndani ya tangi kila asubuhi ni rahisi, na ndiko chanzo cha kutu nyingi. Maji huondoka kama mvuke, lakini kulanti nayo huondoka ikiwa imeshikamana na chenga na kazi. Kwa hiyo unajazia mchanganyiko dhaifu, kwa kawaida 1 hadi 4%.

Hesabu yake ni nyepesi. Tangi la lita 200 limebaki na lita 160, kipimo kinasoma 9%, nawe unataka 8%. Kilichomo ni 160 × 0.09 = lita 14.4. Kinachotakiwa ni 200 × 0.08 = lita 16. Upungufu ni lita 1.6, unaoingia kwenye lita 40 za kujazia: mchanganyiko wa 4%. Mimina kulanti ndani ya maji huku ukikoroga. Ukianza na kulanti kisha ukamwagia maji, chembe hugeuka, maji hunaswa ndani ya oili, na unapata uji mzito usiolinda chochote.

Kifaa cha kupimia ni rifraktomita, kinachoonyesha jinsi mwanga unavyopinda ndani ya mchanganyiko. Isawazishe kwa maji kwenye sifuri kwanza. Namba inayoonyesha si ukolezi; izidishe kwa kizidishi kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Kwa oili mumunyifu kizidishi huwa 1 au karibu na hapo, kwa sintetiki kinaweza kufika 2 au zaidi. Anayesoma 4 kwenye kulanti yenye kizidishi cha 1 ana 4%, na anayesoma 4 kwenye yenye kizidishi cha 2 ana 8%. Ukiona mstari wa kivuli umefifia badala ya kukatika, oili ngeni imeingia na kipimo kinadanganya kwa kwenda juu. Acha sampuli itulie, vuta maji ya chini, pima tena.

pH ipimwe angalau mara moja kwa wiki. Mahali pake ni 8.5 hadi 9.5. Ikishuka chini ya 8.5 huku ukolezi ukiwa sawa, bakteria wameanza kula. Ikishuka pamoja na ukolezi, mtu amemwaga maji tupu.

Oili ngeni na harufu: kuengua au kutia dawa

Oili ya reli na ya haidroliki hutanda juu ya tangi na kuziba hewa. Chini yake bakteria wasiohitaji hewa huzaliana, hasa mashine ikilala mwisho wa wiki. Kati ya kuengua oili na kutia dawa ya kuua bakteria, kuengua ndiko kwanza. Mkanda wa kuengua hufaa tangi lenye kina na nafasi finyu, diski hufaa tangi la kina kifupi. Vyote hufanya kazi vizuri zaidi pampu ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa na oili imepanda juu. Dawa ya kuua bakteria huja baadaye, kwa kipimo cha mtengenezaji tu.

Usitie dawa ya kufulia yenye klorini. Huua harufu kwa siku chache, lakini huingiza kloridi na kuharibu kemikali za amini. Nitriti ya sodiamu nayo isitumike kama kizuia kutu ndani ya kulanti yenye amini, kwa sababu zikikutana huweza kuunda nitrosamini, ambazo husababisha saratani.

Utando wa kulinda mashine ikisimama

Hapa ndipo kopo la kupulizia linapoingia. Dawa nyepesi za kufukuza maji hupenya chini ya matone na kuyainua, lakini utando zinaouacha ni mwembamba. Zitegemee kwa siku chache ndani ya jengo. Oili ya reli ya ISO VG 68 (namba ya unene wa oili) hunata na hukaa kwa wiki, tena ndiyo oili ambayo mashine tayari inaijua. Tabaka jembamba linatosha, kwa kuwa ziada yote itaishia tangini kama oili ngeni. Utando wa nta huhimili miezi, lakini huondolewa kwa kiyeyushi, na ukiachwa kwenye reli huzuia ulainishaji. Karatasi na vidonge vinavyotoa mvuke wa kuzuia kutu ni vya sandukuni na droo zilizofungwa. Kwenye meza iliyo wazi mvuke huo hupotea bure.

Tungechagua viwili kwa mpangilio: dawa ya kufukuza maji kwanza, dakika chache za kuchuruzika, kisha oili ya reli. Lakini usipake juu ya kulanti iliyokauka. Chumvi zilizonaswa chini ya utando huvuta unyevu, na kutu huendelea usiyoiona. Osha chenga kwa kulanti mpya, futa, ndipo upake. Hewa ya shinikizo isitumike kusafishia. Husukuma chenga na maji nyuma ya vifutio hadi kwenye reli.

Jiliwa na vifungio vinyanyuliwe walau mara moja kwa mwezi, sehemu zinazogusana zifutwe na kupakwa oili kidogo kabla ya kurudishwa. Koni ya spindo hutaka uangalifu wa pekee: isiachwe na kishikio kwa siku mbili zisizo na kazi. Kitoe, futa koni kwa kitambaa safi, paka tone la oili jepesi, kisha futa tena hadi ibaki kama kavu. Oili nyingi pale hukusanya uchafu na kuharibu mkao wa kishikio.

Ipi kwa mashine ipi

Mashine ya kukereza au kufrezi ya karakana ndogo, kazi mchanganyiko, siku nyingine haiguswi: oili mumunyifu kwa 7–8%, maji ya osmosisi ya kujazia, mkanda wa kuengua. Itanuka mapema kuliko nyingine ukiizembea, lakini ndiyo inayosamehe zaidi kuhusu kutu.

Mashine inayoongozwa na kompyuta (CNC) inayokata zamu mbili, feleji na alumini: nusu-sintetiki kwa 6–8%, pH isipite 9.2 kwa ajili ya alumini.

Mashine ya kusaga nyuso: sintetiki, kwa sababu unga hutua haraka na mwanga unapita. Watu huiendesha kwa 2–3% ili kubana matumizi, kisha meza ya sumaku inaota madoa. Ianzie 4% au zaidi, na ipande ukisaga chuma cha kusubu. Mwisho wa siku inua kazi zote kutoka kwenye sumaku.

Mashine itakayolala zaidi ya wiki mbili haihitaji kulanti bora. Inahitaji tangi tupu, lililosafishwa na kukaushwa, na oili ya reli juu ya kila chuma kilicho wazi.

Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine, usichanganye. Mimina kisafishaji cha mfumo ndani ya kulanti ya zamani kwa 1–3%, zungusha saa 8 hadi 24 huku ukikata kazi kama kawaida, kisha mwaga yote mahali panapopokea taka za oili. Chota tope la pembeni na chini ya bamba la chujio kwa mkono, maana pampu hailifikii. Suuza kwa mchanganyiko wa 1–2% wa kulanti mpya, upite kwenye mabomba yote, umwage, ndipo ujaze. Tope lililobaki kwenye kona hubeba bakteria wa zamani, na tangi jipya huanza kunuka ndani ya wiki chache.